Kijiko Chekundu

Nyumba kubwa ilikuwa imefungwa kufuli kwa siku tisa, na bado Alhamisi ile, kwenye saa kumi, kioo cha dirisha la jikoni kilikuwa kimejaa mvuke.

Binti ndiye aliyeuona. Alikuwa uani anaanua nguo, akabaki amesimama na shati lake la shule mkononi. Mvuke ulikuwa wa ndani, mzito, wa sufuria iliyochemka muda mrefu, na tone moja lilikuwa linateremka kwenye kioo taratibu.

"Mama! Umeacha jiko linawaka kule?"

Mama yake alitoka chumbani akifuta mikono. "Jiko gani? Funguo si amezichukua Mpwa?"

"Basi njoo uone mwenyewe."

Alipofika kioo kilikuwa kikavu. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kioo kikavu kinavyostahili kutazamwa. "Ni jua hilo," alisema, na siku hiyo jua halikuwa limeonekana tangu asubuhi.

Nyumba ile ilikuwa ya mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Mwalimu. Huyu mama alikuwa mpishi wake kwa miaka kumi na mmoja, akiishi vyumba viwili vya uani pamoja na mumewe, fundi seremala, na binti yao wa pekee. Ukutani palikuwa na banda ambalo fundi alikuwa amelijenga kwa ruhusa ya Bibi, na humo ndimo walimopatia ugali, karo na kila kitu. Sasa Bibi amezikwa. Hakuwa na mtoto, alikuwa na mpwa tu, mtoto wa kaka yake aliyemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita, na mtaani hakuna aliyehitaji kumpa jina jingine. Alikuwa Mpwa, basi.

Mpishi naye alikuwa na jina la mtaani. Walimwita Mama Pudini, na hawakumwita hivyo kwa heshima.

Jina lilitokana na masomo. Bibi Mwalimu alijifunza Kiingereza utotoni, kwenye bweni la walimu wageni, kupitia vitamutamu vya Waingereza, na hakuamini kwamba kuna njia nyingine. Kila Alhamisi saa kumi mpishi alipika kimoja: pudini ya mkate na siagi, pudini ya mchele, pudini ya zabibu kavu inayochemshwa ndani ya kitambaa, au matofaa yaliyofunikwa makombo ya unga na sukari, na kastadi ya moto, rojo la maziwa na mayai, pembeni. Chakula kiliwekwa katikati ya meza. Hakuna aliyegusa kijiko mpaka mpishi aandike kwa Kiingereza jinsi alivyokipika, tangu kupasha maziwa mpaka kuzima jiko. Bibi aligonga meza mara mbili kwa ukucha, koh, koh, ndipo akaanza kusahihisha kwa kipande kifupi cha kalamu nyekundu chenye alama za meno. Kosa lilizungushiwa duara, na chini likaandikwa neno moja kwa Kiingereza: Rudia. Ukipatia, alichora kijiko mwishoni mwa ukurasa. Kijiko kikichorwa, mnakula. Mara nyingi walikula pudini iliyopoa. Siku nyingine hawakula kabisa, ikapewa paka.

Watu walimcheka mpishi kwa hayo. Mtu mzima, na mtoto shuleni, unanyimwa kijiko kama mtoto wa chekechea! Yeye alicheka nao, lakini Alhamisi hakukosa. Alijifunza kuandika kwa kunakili mwandiko wa Bibi, herufi zilizolalia kulia na mikia mirefu, hadi Bibi mwenyewe akawa anapekua daftari na kuuliza, "Ukurasa huu ni wako au wangu?"

*

Mpwa alikuja Jumamosi na wakili. Walikaa barazani kwenye viti viwili, na mpishi na mumewe wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame, lakini hapakuwa na kiti cha tatu.

"Mama, poleni na msiba," Mpwa alisema. "Mimi ni mtu wa kusema wazi. Nyumba nauza. Mwisho wa mwezi ninataka uani pawe peupe."

Fundi alikohoa kidogo. "Bosi, marehemu aliacha neno."

"Neno gani?"

Mpishi alitoa daftari chini ya kanga. Wakili, mtu mwenye tai nyembamba na sura ya kukosa usingizi, akalifungua ukurasa wa mwisho na kusoma, kisha akatafsiri taratibu kana kwamba hakuamini anachosoma:

"'Jinsi ya kutunza familia iliyo uani. Chukua watu watatu. Waache palepale walipo. Usiwahamishe, usiwakoroge. Hakikisha banda la fundi halivuji. Waache mpaka watakapotaka kutoka wenyewe.' Halafu tarehe." Akainua macho. "Hii ni nini?"

"Ni mapishi," alisema Mpwa, na uso wake ukabadilika. "Ndivyo alivyokuwa anaandika kila kitu."

"Tarehe ni ya siku moja kabla ya kifo. Kama ni mwandiko wake, mimi kama wakili siwezi kuuficha. Mbele ya hakimu utakuwa na uzito."

"Na kama si wake?" Mpwa alimgeukia mpishi. "Huyu alikuwa mwanafunzi wake. Nani ajuaye kama hakuandika mwenyewe?"

Mpishi alifungua mdomo. Fundi akamkanyaga kidole cha mguu, akaufunga.

"Ni rahisi," wakili alisema. "Jumatano nitakuja aandike mbele yangu. Tutaona."

*

Ukweli ni huu, na ndio uliomnyima mpishi raha. Ukurasa ule ulikuwa na maneno ya Bibi na mkono wa mpishi. Wiki ya mwisho Bibi hakuweza kushika kalamu tena. Alilala kitandani akasema, "Andika," na mpishi akaandika, akicheka katikati maana alidhani mgonjwa anatania. Alipomaliza alimsogezea ile kalamu nyekundu. "Kijiko changu, Bibi?" Bibi akasema, "Kesho." Kesho yake hakuamka, na ukurasa ukabaki bila kijiko.

"Usimwambie mtu," fundi alisema jioni hiyo, mlango ukiwa umefungwa. "Wewe sema ni mkono wake. Nani atabisha? Miandiko imefanana kama shilingi kwa ya pili."

"Ni uongo, baba."

"Maneno ni yake?"

"Ni yake."

"Basi uongo wenyewe ni nusu. Sisi tunakwenda wapi, mke wangu? Banda hili likivunjwa, benchi langu nitaliweka kichwani? Huyu mtoto ana mtihani wa mwisho miezi minne ijayo." Akashusha sauti. "Jumatano andika vibaya. Andika kama asiyejua. Wakicheka, waache wacheke."

Binti alijifanya anasoma. Mpishi alimtazama, akatazama sakafu. Aliona aibu kubwa, na hakujua kama ni ya kusema uongo au ya kuutupa mwandiko alioutafuta kwa miaka kumi na mmoja.

"Kuna jambo jingine," fundi alisema baadaye. "Sikukwambia siku ile. Nilipokuwa nafunga jeneza, Mpwa alikuja peke yake akaitumbukiza ile kalamu nyekundu kifuani kwa marehemu. Akasema, 'Meno haya ni yangu, nilikuwa mtoto. Aende nayo.' Nikakaza skrubu zote kumi na mbili, tena akasimama anazihesabu."

*

Jumatano wakili alimsomea mpishi kwa Kiingereza mapishi ya pudini ya mkate na siagi, sentensi moja moja, ayaandike. Mpishi aliinamia meza ndogo ya barazani. Alijua kila neno kabla halijatamkwa. Kazi haikuwa kuandika. Kazi ilikuwa kuuzuia mkono. Herufi zilitaka kulalia kulia na mkono ulitaka kukimbia, ikabidi aushike kifundo kwa mkono wa kushoto, akachora vijiti vilivyosimama wima, vingine vikiangukiana. Jasho lilimtoka mpaka puani.

Mpwa aliichukua karatasi akacheka hadi akashika mbavu.

"Miaka kumi na mmoja! Maskini shangazi, alikuwa anatwanga maji kwenye kinu. Mama Pudini, haya ni maandishi au kuku amepita?"

"Nisamehe, bosi," mpishi alisema. "Mimi ni wa sufuria tu."

"Na kusoma, je? Unasoma?"

Fundi akawahi kujibu. "Hasomi, bosi. Wala mimi. Mimi nasoma futi na inchi."

Wakili alilinganisha karatasi na daftari, akatikisa kichwa. "Huyu hawezi kuwa ameandika ukurasa huu. Bwana, itabidi uwaachie vyumba."

Fundi nusura aruke. Lakini mpishi alikuwa anamtazama Mpwa, na alichokiona hakikumpendeza. Mpwa hakukasirika. Alikuwa ametulia, tena anatabasamu kidogo.

"Sawa kabisa," alisema. "Mimi si mtu mbaya. Nitachapa mkataba wa makazi, waweke dole gumba, mambo yaishe. Binti yenu anatoka shule saa ngapi? Alhamisi ya wiki ijayo ana masomo ya ziada? Vizuri. Alhamisi, basi."

*

Wiki hiyo binti alianza kumwogopa mama yake.

Mama alianza kukohoa kikohozi kikavu kilichoishia kwenye pumzi ndefu, na kikohozi hicho binti alikuwa amekisikia miaka yote kutoka dirisha la nyumba kubwa. Kabla ya kusema jambo aligonga meza mara mbili kwa ukucha. Jumanne alipakua chakula sahani nne.

"Mama, hii ya nani?"

Mama aliitazama ile sahani, akakunja uso. "Nimehesabu vibaya," alisema, lakini hakuirudisha sufuriani.

Jumatano binti alimkuta amekaa na daftari magotini, ukurasa wa mwisho umefunguliwa, kidole kikipapasa pale chini palipokosa kijiko. Alikuwa anasema kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini na ya ukali. Binti alimwita mara tatu. Alipogeuka, alimtazama mwanawe kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeingia kachelewa.

"Baba," binti alisema nje bandani, "mama haumwi kweli?"

Fundi aliendelea kupiga randa. "Mama yako amechoka. Kesho tukimaliza hili, atapumzika." Lakini naye tangu Jumapili alikuwa halali vizuri.

*

Alhamisi ilinyesha. Saa kumi kasoro maji yalikuwa yanavuja barazani, na wakili akaokota mkoba wake sakafuni.

"Tuingie ndani, bwana."

"Sebuleni," Mpwa alisema haraka.

"Sebuleni si umeshauza viti? Pana meza jikoni."

Mpwa alisita mlangoni. Tangu arudi kwa ajili ya msiba alikuwa hajaingia jiko lile hata mara moja; funguo alizibeba, mlango hakuufungua. Sasa aliufungua. Ndani palikuwa na joto, na harufu ya maziwa ya moto na kungumanga.

"Nani anapika humu?"

Jiko lilikuwa limezimwa, sufuria zimepinduliwa, vumbi limetanda. Fundi alilishika jiko kwa kiganja, akakiondoa upesi, akakificha mfukoni. Wote wanne wakakaa, maana viti vya jikoni vilikuwa vitano.

Mpwa alitandika karatasi mbili na kidau cha wino. "Ni maneno ya kawaida tu. Mnakaa kwa amani. Baba anza, halafu mama."

Fundi, uso umejaa furaha, alikwisha kuchovya dole gumba. Wakili alikuwa anatazama viatu vyake, na mtu anayetazama viatu vyake namna ile anajua kilichoandikwa.

Mpishi alisoma. Hakuhitaji hata kuinama. Karatasi ilisema kwamba wanaoweka alama hapa chini wanatoka uani kwa hiari yao ndani ya siku thelathini, hawana dai lolote, na banda litavunjwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwao ilikuwa imeishia kwenye meza hii. Akisema anasoma, basi aliandika, na ukurasa wa Bibi unakufa. Akinyamaza, wanajifukuza kwa vidole vyao wenyewe. Alimtazama mumewe, mtu mzima anayetabasamu na kidole kimejaa wino, na moyo ukamuuma kuliko siku ya mazishi.

Mkono wake wa kulia ulinyanyuka ukagonga meza mara mbili kwa ukucha.

Koh, koh.

Mpwa alinyoosha mgongo. Hakujua kwamba amenyoosha.

Mpishi alitia mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta leso. Kilichokuja si leso. Kilikuwa kipande kifupi cha kalamu nyekundu, na mwisho wake ulikuwa na alama ndogo za meno ya mtoto. Fundi alikiona, akanyanyuka nusu kutoka kitini, akakaa tena. Skrubu kumi na mbili alizikaza mwenyewe.

Hakuna aliyezuia. Mpishi aliivuta karatasi, akakohoa pembeni kikohozi kikavu, akazungushia duara "kwa hiari yao". Akazungushia "siku thelathini". Akazungushia "litavunjwa". Chini, kwa herufi zilizolalia kulia zenye mikia mirefu, akaandika neno moja na kulitamka kwa Kiingereza.

"Rudia."

Wakili alisema, "Lakini mama, wewe si huwezi..." Akaishia hapo, maana hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Uso wa Mpwa ulikuwa umesawajika. Alinyoosha kidole akagusa yale meno kwenye kalamu, akakiondoa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, nywele za pembeni nyeupe, gari la maana nje kwenye mvua. Alisema kwa sauti nyembamba ambayo wakili hakuwahi kuisikia kwake:

"Ndiyo, shangazi."

Akachukua karatasi safi akaandika kwa mkono wake. Aliandika kwamba familia ya uani inakaa miaka mitano. Mpishi alizungushia miaka mitano. Rudia. Akaandika miaka kumi, banda libaki. Mpishi alizungushia kumi. Mvua iliendelea, na wakili alikuwa ameshika tai yake kwa mikono miwili. Mara ya tatu Mpwa aliandika pole pole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kwamba wanakaa palepale walipo mpaka watakapotaka kutoka wenyewe, na yeyote anunuaye nyumba ananunua na sharti hilo. Akaweka jina na sahihi. Akaisukuma karatasi mezani kwa vidole viwili na kuweka mikono juu ya magoti.

Mpishi aliisoma mara mbili. Kisha, mwishoni mwa ukurasa, akachora kijiko chekundu.

"Shahidi," alimwambia wakili, na wakili akasaini upesi kama mtu anayelipa ili aachiwe.

Mpishi aliiweka kalamu chini. Hapo ndipo machozi yalipoanza kumtoka, akamtazama mumewe kwa macho yake mwenyewe. "Baba watoto," alisema, "nimefanya nini?"

"Umetuokoa," fundi alisema, lakini hakumshika.

Mpwa hakunyanyuka. Alikuwa anatazama katikati ya meza, mahali patupu, akisubiri. Mwishowe akauliza, kwa adabu sana:

"Sasa naweza kula?"

Basi mpishi alifuta machozi kwa aproni, akawasha jiko. Angefanya nini? Uani palikuwa na mkate, maziwa na mayai, na fundi alitumwa kuvileta.

*

Binti alirudi giza halijaingia, kalowa chapachapa. Dirisha la jikoni la nyumba kubwa lilikuwa na mvuke tena, na safari hii kulikuwa na watu nyuma yake. Alikimbia, akasukuma mlango.

Baba yake alikuwa mezani, kijiko mkononi. Wakili alikuwa pembeni yake, amesogeza kiti mpaka ukutani. Mpwa alikuwa anakula pudini ya mkate na siagi, machozi yakimtiririka, bila kuyafuta, bila kusimama kupumua. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko. Kwenye meza palikuwa na mabakuli matano yanayofuka mvuke, na karatasi moja yenye kijiko chekundu.

"Tunabaki, mwanangu," mama alisema. "Imeandikwa."

Binti alitaka kulia kwa furaha. Akavuta kiti kilichokuwa kitupu, kile cha kichwani mwa meza, chenye bakuli lake mbele.

"Siyo hicho," mama alisema haraka. "Hicho kina mtu. Njoo ukae changu."